Vituo vya redio vinapotoweka: Mambo ya kuangalia kabla ya kwenda kwa fundi

MTU anayenunua redio mpya yenye kioo cha tarakimu, akaifikisha nyumbani Mlabani, mjini Ifakara, na kubonyeza kitufe cha kutafuta vituo, huweza kupatwa na jambo la kushangaza. Tarakimu zinakimbia kutoka mwanzo hadi mwisho, redio inasimama mara mbili au tatu, kisha inatangaza kwamba kazi imekwisha. Redio kuukuu ya jirani, ile ya kuzungusha kwa kidole, inasikika vizuri na ina vituo vingi zaidi.

Hatua inayofuata huwa ni kuirudisha dukani au kuipeleka kwa fundi. Mara nyingi redio hiyo haina ubovu wowote, na fedha ya fundi ingeweza kubaki mfukoni. Kituo cha redio hupita katika njia yenye sehemu tatu: mtambo unaokirusha, anga kinalopitia na chombo kinachokipokea. Kikipotea, lazima kwanza ijulikane kimepotelea sehemu ipi.

Kwa mkazi wa Bonde la Kilombero jambo hili si la burudani peke yake. Uwanda wa mafuriko wa bonde hilo, wenye kilomita za mraba 7,967, uliingizwa katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa mwaka 2002, na mvua za masika zikizidi, maji hufika kwenye mashamba ya mpunga na kwenye makazi. Aprili 25, 2024, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge mjini Dodoma kwamba watu 155 walikuwa wamepoteza maisha nchini kutokana na mvua zilizoambatana na El Nino. Katika siku za namna hiyo umeme hukatika, simu huishiwa chaji, na redio ya betri hubaki kuwa njia ya kupata tahadhari za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Kukosa kituo kwa sababu ya kitufe kilichobonyezwa vibaya ni hasara isiyo ya lazima.

Redio ya kidijitali ni ipi?

Neno 'dijitali' limeleta utata mkubwa madukani. Redio nyingi zinazouzwa nchini kwa jina hilo ni redio za kawaida za FM ambazo badala ya mshale zina kioo cha tarakimu, na badala ya gurudumu zina vitufe na kumbukumbu ya kuhifadhia vituo. Matangazo zinayopokea ni yale yale yanayopokelewa na redio ya mshale.

Redio ya kidijitali kwa maana yake halisi ni ile inayotumia mfumo wa DAB, ambao matangazo yake husafirishwa kwa tarakimu, vituo kadhaa vikiwa vimefungwa pamoja katika fungu moja la masafa kati ya megahezi 174 na 240. Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilianza kuutumia mwaka 1995. Norway ilizima mitambo ya FM ya vituo vyake vya kitaifa katika mwaka 2017, na shirika la utangazaji la umma la Uswisi likafanya hivyo mwishoni mwa mwaka 2024.

Habari ya Uswisi haiko mbali na Ifakara kama inavyodhaniwa. Mji huo una uhusiano wa miaka mingi na nchi hiyo kupitia wamisionari Wakapuchini na kupitia maabara iliyoanzishwa mwaka 1957 na Taasisi ya Tropiki ya Uswisi ya mjini Basel, ambayo leo imekuwa Taasisi ya Afya Ifakara. Zawadi kutoka Ulaya si jambo geni huko, na redio ni miongoni mwa zawadi zinazobebeka kirahisi katika sanduku.

Redio ya DAB ikiwashwa Mlabani itatafuta vituo hadi mwisho na kuandika kwenye kioo kwamba hakuna huduma. Wala haijaharibika. Tanzania haina matangazo ya kawaida ya DAB kwa wananchi, na hakuna fundi awezaye kuyaleta kwa kufungua kifuniko. Ushauri unaotolewa kwa wasikilizaji wa Ulaya, kwamba kituo kikipotea urudie kutafuta upya, hapa hauna kazi kwa upande wa DAB.

Hata hivyo, mwenye zawadi hiyo asikate tamaa haraka. Redio nyingi za DAB zina FM ndani yake. Kipo kitufe cha kubadili aina ya mapokezi, na kikibonyezwa hadi kioo kionyeshe FM, redio ya Ulaya itafanya kazi Ifakara kama redio nyingine yoyote. Zile zisizo na FM kabisa zipo pia, na anayetumiwa zawadi ana haki ya kuuliza kabla haijafungwa.

Kosa jingine linalosikika ni kudhani kwamba FM ilikwisha kuzimwa nchini. Mitambo ya analojia iliyoanza kuzimwa Dar es Salaam usiku wa Desemba 31, 2012, na baadaye katika miji mingine, ilikuwa ya televisheni. Hapo ndipo ving'amuzi vilipoingia majumbani. Redio haikuguswa, na hakuna aliyelazimika kununua redio mpya kwa sababu hiyo.

Milima haina kitufe

Matangazo ya FM husafiri karibu sawa na mwanga: hunyooka, hayapindi sana, na yakikuta mlima husimama. Katika nchi tambarare, mnara wenye urefu wa meta 100 na antena ya msikilizaji iliyo meta nne juu ya ardhi huweza kuonana kwa umbali wa karibu kilomita 50. Baada ya hapo mviringo wa dunia wenyewe unaanza kuingia kati.

Sasa tazama mahali ilipo Ifakara. Upande wa kaskazini magharibi imesimama milima ya Udzungwa, ambayo vilele vyake vinapita meta 2,500. Kusini ipo milima ya Mahenge. Mji uko chini, bondeni. Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 400 kwa barabara, na hata Morogoro mjini ni zaidi ya kilomita 200. Hakuna FM ya Dar es Salaam inayoweza kufika Mlabani moja kwa moja kila siku.

Kituo cha Dar es Salaam au Mwanza kinachosikika Ifakara hufika kwa kuwekewa mtambo mwingine karibu, na mtambo huo hutumia masafa yake wenyewe. Hapa ndipo wageni wanapokwama. Mtu anahama kutoka Kinondoni akiwa na redio iliyojaa vituo kwenye kumbukumbu, anafika Ifakara, anabonyeza namba moja, namba mbili, namba tatu, na zote zinakwaruza. Namba zile ni anwani za Dar es Salaam. Kituo hicho hicho huenda kipo Ifakara kwa anwani nyingine, na huenda hakipo kabisa. Njia fupi ya kujua ni kumuuliza jirani ambaye redio yake inasikika, na kuandika masafa anayoyatumia.

Kituo chenye makao mjini humo humo, kama vile Pambazuko FM ya Ifakara, ndicho kipimo kizuri cha kuanzia. Ikiwa kituo cha nyumbani kinasikika vizuri na vya mbali havisikiki, redio ina uzima wake na tatizo liko angani. Ikiwa hata cha nyumbani hakisikiki ilhali kwa jirani kinasikika, hapo ndipo redio yenyewe inastahili kutiliwa shaka.

Lipo pia jambo linalowachanganya wengi. Katika baadhi ya usiku tulivu wa kiangazi, hewa hujipanga katika tabaka za joto na baridi kwa namna inayobeba mawimbi ya FM mbali kuliko kawaida. Kituo cha mji wa mbali husikika kana kwamba kiko barabara ya pili, kisha kufika saa tatu asubuhi kimetoweka. Aliyetafuta vituo usiku huo ataamka na kumbukumbu iliyojaa masafa yasiyo na kitu. Redio yake haikuharibika usingizini.

Kutafuta kwenyewe

Kitufe cha kutafuta vituo peke yake ndicho chenye lawama nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya redio hizi, nami naona ingefaa wauzaji wakieleze kabla ya kupokea fedha. Kitufe hicho hakitafuti kila kituo kilichopo. Kinatafuta kila kituo chenye nguvu inayovuka kiwango alichokiweka mtengenezaji. Kituo dhaifu, ambacho sikio la binadamu lingekielewa bila taabu, hurukwa kana kwamba hakipo. Ndiyo sababu redio ya mshale ya jirani inaishinda redio mpya: mshale huongozwa na sikio.

Hivyo basi, kabla ya kusema kituo hakipo, kiendee kwa mkono. Kama jirani amekutajia masafa, peleka tarakimu hadi hapo hatua kwa hatua, subiri kidogo, geuza antena, kisha sikiliza. Kikisikika, kihifadhi wewe mwenyewe kwenye namba unayoitaka.

Ubaya wa pili wa kitufe hicho ni kwamba katika redio nyingi hufuta kumbukumbu ya zamani kabla ya kuandika mpya. Mtoto akikibonyeza ndani ya nyumba, antena ikiwa imekunjwa, vituo vinane vilivyohifadhiwa kwa mkono vinageuka kuwa viwili. Mwenye busara huandika masafa yake kwenye karatasi na kuibandika nyuma ya redio. Aidha, betri zikiondolewa kwa muda mrefu, baadhi ya redio husahau kila kitu.

Kutafuta kufanyike nje ya nyumba, au walau dirishani, kwa betri zenye nguvu, antena ikiwa imevutwa yote. Paa la bati huzuia mawimbi. Urefu wa antena unaofaa FM ni kama sentimeta 75, yaani robo ya wimbi lenyewe, na antena iliyovunjika ikabaki kipande cha kidole haiwezi kufanya kazi hiyo. Simu za kitochi na nyingine zenye FM hutumia waya wa kusikilizia masikioni kuwa antena. Bila waya huo hukataa kutafuta, au hutafuta bila kupata.

Hatua za Marekani

Redio za tarakimu hutengenezwa kwa ajili ya dunia nzima, na dunia haikukubaliana. Nchini Marekani vituo vya FM hupangwa kwa kuachana megahezi 0.2, navyo huishia kwa tarakimu isiyogawanyika kwa mbili: 88.1, 88.3, 88.5. Kwetu hupangwa kwa hatua za 0.1. Redio iliyowekwa kwa mpango wa Marekani itapita kutoka 89.9 hadi 90.1 bila kusimama 90.0, na kituo kilichopo hapo ama kitarukwa, ama kitasikika kwa sauti ya kukwama, hasa penye herufi kama 's'.

Katika masafa ya kati tofauti ni kubwa zaidi. Marekani hutumia hatua za kilohezi 10, Afrika na Ulaya hutumia 9. Redio yenye hatua za 10 itakwenda 700 kisha 710, na kituo kilichopo 702 hakitafikiwa sawasawa.

Dawa yake haina gharama. Angalia nyuma ya redio au ndani ya sehemu ya betri kama kuna swichi ndogo iliyoandikwa 9k na 10k. Iwekwe kwenye 9k. Nyingine hubadilishwa kwa kushikilia kitufe fulani redio ikiwa imezimwa, jambo ambalo huelezwa katika kijitabu chake. Baada ya kubadili, vituo vitafutwe upya.

Redio za magari kutoka Japani

Kisa maarufu kuliko vyote nchini ni cha magari yaliyotumika Japani. Mnunuzi analitoa gari bandarini, anawasha redio na kupata vituo vichache vilivyojazana mwishoni mwa kioo. Huko Japani FM ilipangwa kuanzia megahezi 76 hadi 90, kwa kuwa masafa ya juu yake yalikuwa ya televisheni. Baada ya televisheni ya analojia kuzimwa huko kuanzia mwaka 2011, FM iliongezwa hadi 95, hivyo redio za magari ya karibuni hufika mbali kidogo. Kwetu FM ni kuanzia 87.5 hadi 108. Redio ya zamani ya Japani inaonja kipande kidogo tu cha mwanzo, na vituo vilivyobaki haitaviona hata ikiegeshwa chini ya mnara.

Mafundi huweka kifaa kidogo kati ya antena na redio, kinachoteremsha masafa. Kikiteremsha kwa megahezi 12, kituo cha 100.0 kitaonekana kwenye 88.0. Wengi hawaambiwi jambo lifuatalo: redio hiyo ina nafasi ya megahezi 14 tu, na vituo vyetu vimesambaa katika zaidi ya 20. Kwa kifaa cha 12 atasikia kuanzia 88 hadi 102, na vya juu ya hapo vitabaki nje. Anayeishi Ifakara, Mang'ula au Mlimba ajue kwanza vituo vya kwake viko wapi, kisha achague kifaa. Anayesafiri mikoa mingi ni afadhali abadilishe redio yote, na asiuziwe kifaa cha pili akiambiwa cha kwanza kilikuwa kibovu.

Magari kutoka Ulaya yana mtego wake. Redio zake zina kitufe kilichoandikwa TA au TP, cha taarifa za barabarani. Kikiwa kimewashwa, baadhi yake hutafuta vituo vinavyotuma alama ya huduma hiyo peke yake, na kwa kuwa vituo vyetu kwa kawaida haviitumi, redio huzunguka bila kikomo. Kizimwe. Vivyo hivyo palipo na kitufe cha LOC na DX, msikilizaji wa bondeni achague DX, kwa maana LOC huiamuru redio ipuuze vituo vya mbali.

Kelele za ndani ya nyumba

Kituo huweza kuwepo na kikazibwa na vifaa vya nyumbani. Chaja za bei nafuu, taa za LED, vifaa vya kuongozea umeme wa sola na vile vinavyogeuza umeme wa betri kuwa wa majumbani hutoa mawimbi machafu yanayofunika vituo dhaifu, hasa katika masafa ya kati. Tumia redio ya betri na uzime vifaa hivyo kimoja baada ya kingine. Kile kikizimwa na mvumo ukakoma, ndicho mkosaji. Kukisogeza meta chache hutosha mara nyingi.

Masafa ya kati yana tabia yake pia: usiku hufika mbali kwa kurudishwa na tabaka la juu la anga, mchana hubaki karibu. Kituo kinachosikika saa mbili usiku na kupotea saa nne asubuhi hakina la kurekebishwa.

Wanaosikiliza redio kupitia king'amuzi wajue kwamba mwenye huduma hupanga upya chaneli zake kila apendapo, na dawa ni kuingia kwenye menyu na kuamuru itafute upya. Redio za intaneti hutegemea orodha inayotunzwa na kampuni ya mbali. Mmoja wa watunzaji hao, Reciva, alifunga huduma yake mwaka 2021, na wenye redio zilizoitegemea orodha hiyo wakabaki na vyombo vizima visivyo na orodha.

Kituo chenyewe kikizimika

Hatimaye, msikilizaji asisahau kwamba kituo nacho kina siku zake. Vituo vidogo havirushi matangazo usiku kucha, na mtambo ulioko mlimani ukikosa umeme au ukipigwa na radi huchukua muda kufikiwa na fundi wakati wa masika. Vipo pia vilivyofungiwa kwa amri: Magic FM ya Dar es Salaam na Radio 5 ya Arusha mwezi Agosti 2016, na Clouds FM kwa siku saba kuanzia Agosti 28, 2020. Katika siku hizo, bila shaka, wapo waliofungua redio zao kwa bisibisi.

Kipimo ni redio mbili. Kituo kikipotea kwa wakati mmoja katika redio yako na ya jirani, iache redio yako ilivyo. Subiri siku moja, kisha wasiliana na kituo chenyewe. Kama kituo kingine kinaingilia masafa hayo, au kama mvumo unaendelea kwa siku nyingi katika mtaa mzima, malalamiko hupelekwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ambayo ndiyo inayogawa masafa. Malalamiko hayo yaeleze masafa yaliyoonekana kwenye kioo, tarehe na saa, mtaa na kata, aina ya redio, na kama tatizo hilo limesikika pia kwenye redio nyingine.